DANIEL KALUUYA: Mtoto wa Kiganda aliyeanzia jukwaani London mpaka Oscar

Leo tunaangalia maisha na kazi za mwigizaji mmoja wa Uingereza ambaye wengi mnaijua sura yake kuliko jina lake. Ni yule jamaa wa Get Out, mwenye macho makubwa, aliyekaa kwenye kiti huku machozi yakimchuruzika. Ndiye pia W'Kabi wa Black Panther, mwenye jeshi la vifaru. Anaitwa Daniel Kaluuya.

Ni mtu wa Ulaya, na hapa tunasema Ulaya ya Mfalme, sio ile Ulaya yetu ya hapa wilayani Kilosa. Lakini damu ni ya hapa hapa Afrika Mashariki, maana wazazi wake ni Waganda.

Kwa nini tunamwandika? Sababu ziko tatu. Kwanza, ni mmoja wa watu wachache wenye asili ya Afrika Mashariki waliowahi kubeba Oscar ya uigizaji. Pili, kabla hajawa staa wa dunia alicheza kijana wa Zanzibar anayeitwa Mbwana, kwenye filamu fupi ambayo Wabongo wengi hawaijui. Tatu, safari yake inajibu swali ambalo vijana wa huku wanauliza kila siku: mtoto aliyelelewa na mama peke yake, hana hela, hana mjomba kwenye tasnia, anafikaje kule juu?

KWA KIFUPI

Jina: Daniel Kaluuya
Kuzaliwa: 24 Februari 1989, London
Asili: Uganda
Kazi: mwigizaji wa jukwaani, wa televisheni na wa filamu, mwandishi, mwongozaji na prodyuza
Alipoanzia: Anna Scher Theatre na WAC Arts, London ya kaskazini
Filamu zinazojulikana: Get Out (2017), Black Panther (2018), Widows (2018), Queen & Slim (2019), Judas and the Black Messiah (2021), Nope (2022)
Tuzo kubwa: Oscar, BAFTA na Golden Globe za mwigizaji msaidizi wa kiume, zote 2021

UTOTO WA CAMDEN

Daniel amekulia Camden, London ya kaskazini, kwenye nyumba za halmashauri. Hizi ni nyumba za ghorofa ambazo serikali ya mtaa inawapangisha watu wa kipato cha chini. Alilelewa na mama yake, Damalie, pamoja na dada yake mkubwa. Baba alikuwa anaishi Malawi, na mambo ya viza za Uingereza yalifanya asiweze kuja mara kwa mara kumwona mtoto.

Tukae hapo kidogo. Watu wengi wakisikia mtu kazaliwa London wanaona kila kitu kipo mezani. Huyu mtoto alikuwa na mama mmoja anayehangaika peke yake mjini, na baba ambaye ili amwone mwanawe ilibidi apite kwanza dirisha la ubalozi. Ukibadilisha majina ya mitaa, hadithi hiyo inafanana na ya familia nyingi za hapa, ambapo baba yuko mashambani Kilombero au machimboni na mama ndiye kila kitu.

Alipokuwa na miaka 9 Daniel aliandika mchezo wake wa kwanza wa kuigiza. Aliuandika akiwa amechangamshwa na vichekesho vya Kenan & Kel alivyokuwa akiviangalia kwenye TV. Mchezo ule ulichezwa Hampstead Theatre, jumba la maonyesho la kweli kabisa, na waigizaji wa kweli. Hebu fikiria mtoto wa darasa la tatu anaandika maneno kwenye daftari, halafu watu wazima wanayakariri na kuyasema mbele ya watazamaji. Ukishaona hivyo mara moja, hakuna wa kukuambia tena kwamba maneno yako hayana maana.

Baadaye akajiunga na Anna Scher Theatre pale Islington. Huyu mama Anna Scher alianzisha mafunzo ya uigizaji mwaka 1968, na shule yake ilijulikana kwa kuwapokea watoto wa walalahoi kwa ada ndogo. Mbinu kubwa pale ni kuigiza papo kwa papo. Unapewa hali fulani, labda umegombana na rafiki yako kuhusu pesa, unaanza bila kuwa na maneno yaliyoandikwa. Daniel alipita pia WAC Arts, kituo kingine cha sanaa cha vijana kilichokuwa kikifanya mafunzo wikiendi. Vyote hivyo viko maeneo ya nyumbani kwao au mwendo wa basi tu. Likumbukeni hili, tutalirudia.

ANAANDIKA HUKU ANAIGIZA

Mwaka 2006 alionekana kwenye tamthilia ya BBC iitwayo Shoot the Messenger. Mwaka uliofuata ikaja Skins, tamthilia ya vijana wa mji wa Bristol iliyokuwa gumzo Uingereza nzima. Humo alikuwemo Dev Patel, yule wa Slumdog Millionaire, na Nicholas Hoult. Daniel alicheza Posh Kenneth, sehemu ndogo tu.

Lakini kuna jambo wengi hawalijui. Kwenye Skins Daniel hakuwa mwigizaji peke yake, alikuwa pia kwenye timu ya waandishi vijana, na kuna vipindi vilivyotoka na jina lake kama mwandishi. Wakati huo hajafika hata miaka 20. Wenzake wanagombea muda wa kuonekana kwenye kioo, yeye anajifunza jinsi hadithi inavyojengwa toka chini. Faida yake tutaiona mbele.

Baada ya hapo alizunguka kwenye vipindi kibao vya TV. Alikuwemo Psychoville, The Fades, na hata Doctor Who mwaka 2009. Mwaka 2011 akacheza na Rowan Atkinson, yaani Mr Bean mwenyewe, kwenye Johnny English Reborn. Wale mnaopenda vichekesho itafuteni, yeye ndiye Tucker, yule ajenti kijana anayefuatana na bosi wake mwenye kuvuruga kila kitu.

NDONDI ZA JUKWAANI

Kilichomtoa hasa ni jukwaa, sio kioo. Mwaka 2010 alipata nafasi kubwa kwenye mchezo wa Sucker Punch, ulioandikwa na Roy Williams na kuchezwa Royal Court Theatre. Hadithi inahusu vijana wawili weusi wa miaka ya 1980 ambao wanafanya usafi kwenye gym ya ndondi ya mzungu, mwishowe wanakuwa mabondia wenyewe. Daniel alikuwa Leon, mmoja wa wale wawili.

Jumba lile liligeuzwa kabisa, jukwaa likawa ulingo wa ngumi na watazamaji wamekaa kuuzunguka. Kwa hiyo hakuna pa kujificha. Ukirusha ngumi ya uongo kila mtu anaona. Daniel alifanya mazoezi ya bondia mpaka akapungua kilo nyingi tu. Matokeo yake, alizoa tuzo mbili za mwigizaji chipukizi, moja ya gazeti la Evening Standard na nyingine ya Critics' Circle, chama cha wahakiki.

Hapa ndipo tofauti ya jukwaa na filamu inapoonekana. Kwenye filamu ukikosea mnarudia, mara 5, mara 10. Kwenye jukwaa ukikosea umekosea, na kesho usiku unarudi kufanya yote upya, jasho jipya, machozi mapya. Mtu aliyepikwa kwenye moto huo akija mbele ya kamera anakuwa na kitu ambacho huwezi kukinunua dukani.

KISA CHA BASI

Mwaka huo huo wa 2010 kulitokea jambo lingine. Kwa maelezo yake, aliteremshwa na polisi kwenye basi jijini London kwa sababu eti anafanana na muuza dawa za kulevya waliyekuwa wanamtafuta. Anasema alilazwa chini, akapelekwa kituoni, akavuliwa nguo na kupekuliwa. Hawakumkuta na kitu. Mwaka 2013 magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba ameamua kuwashitaki polisi wa jiji.

Tunakileta kisa hiki kwa sababu kinaeleza kazi zake za baadaye. Mtu akiangalia Get Out au Queen & Slim akaona hofu ile usoni kwa kijana mweusi anayesimamishwa na askari, ajue kwamba mwigizaji hakuisoma kwenye skripti peke yake.

MOBUTU, NA "MTOTO WA IDI AMIN"

Wapenzi wa historia, hapa panawahusu. Mwaka 2013 ukumbi wa Young Vic wa London ulionyesha A Season in the Congo, mchezo wa Aimé Césaire kuhusu Patrice Lumumba. Lumumba alichezwa na Chiwetel Ejiofor, yule wa 12 Years a Slave. Na nani alicheza Mobutu? Daniel Kaluuya. Alikuwa na miaka 24 tu, akavaa viatu vya mtu aliyemsaliti Lumumba, aliyeuawa Januari 1961, halafu akaitawala Kongo toka 1965 mpaka alipotimuliwa mwaka 1997.

Miaka 3 baadaye, 2016, alirudi Young Vic na mchezo wa Joe Penhall uitwao Blue/Orange. Humo yeye ni Christopher, kijana mweusi aliyelazwa hospitali ya magonjwa ya akili London. Madaktari wawili wanabishana, je, aruhusiwe au abaki? Na kinachowachanganya zaidi ni madai ya Christopher kwamba baba yake ni Idi Amin.

Mwigizaji mwingine angeyasema maneno hayo kama mzaha. Lakini huyu ni mtoto wa Waganda kweli. Sisi huku jina la Amin linatukumbusha vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na ndugu waliokwenda mbele, wengine hawakurudi. Kwa Waganda jina hilo lina makaburi yake. Ndipo mwigizaji anasimama London, anawauliza watazamaji: mtu mweusi akitaja jina hilo, mbona mnaharaka ya kusema ni kichaa, au mbona mnaharaka ya kuamini?

MBWANA WA ZANZIBAR

Sasa tuje kwenye ile tuliyowaahidi. Mwaka 2013 ilitoka filamu fupi iitwayo Jonah, iliyoongozwa na Kibwe Tavares, Mwingereza mweusi aliyesomea usanifu wa majengo kabla ya kuingia kwenye filamu. Ina dakika zisizofika 20, na ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance kule Marekani. Hadithi inatokea Zanzibar. Daniel ni Mbwana, na rafiki yake Juma amechezwa na Malachi Kirby.

Mbwana na Juma ni vijana wa mjini wenye ndoto kubwa na mifuko mitupu. Siku moja wanapiga picha ya samaki mkubwa ajabu akiruka toka baharini. Picha inasambaa. Watalii wanamiminika, mji unabadilika kabisa, taa za rangi kila kona, kila kitu kinauzwa kwa jina la samaki. Mwanzoni ni shangwe tupu. Halafu miaka inapita, mji umechakaa, bahari imechafuka, Mbwana amezeeka na hakuna anayemkumbuka, na samaki naye amebaki majeruhi wa wakati. Mwisho wanakutana tena wawili hao. Hatumalizii, itafuteni wenyewe, iko mtandaoni.

Kwa mtu wa Mikumi hii sio hadithi ya mbali hata kidogo. Mikumi ni mji unaokula kutokana na barabara na hifadhi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati yake kwa kilomita kama 50. Tembo na twiga wanaonekana toka dirisha la basi. Watalii wanakuja, hoteli zinajengwa, na mtoto wa pale anauza mahindi ya kuchoma kandokando ya lami. Swali la filamu ya Jonah ni hili hapa: mgeni akija kuangalia mnyama wako, wewe unapata nini, na unapoteza nini? Na siku mnyama akiisha, mji utabaki na nini? Kilosa nayo inalijua swali hilo kwa upande wa mkonge na reli. Wazee wa Kimamba watakuambia mashamba yalipokuwa yanawaka moto ilikuwaje, na yalipodorora ilikuwaje.

ALIKARIBIA KUACHA

Kabla ya Get Out, Daniel amesema mwenyewe kwamba aliwahi kukaa kama mwaka mmoja na nusu bila kuigiza. Alichoka. Nafasi alizozitaka hakupewa, na aliona wazi kwamba rangi yake ni sehemu ya sababu. Kumbuka huyu tayari ana tuzo, tayari ana jina jukwaani. Bado milango ikawa mizito.

Kilichomwokoa ni kazi ya zamani. Mwaka 2011 alicheza kipindi kimoja cha Black Mirror, kile cha Fifteen Million Merits. Ni dunia ambayo watu wanaendesha baiskeli za ndani kutwa nzima ili kupata pointi, na njia pekee ya kutoka ni kushinda shindano la vipaji la kwenye TV. Aliyezoea kuangalia BSS ataelewa haraka. Jordan Peele, mchekeshaji wa Marekani aliyekuwa anatafuta mtu wa filamu yake ya kwanza, alikiona kipindi hicho, akajua amepata mtu wake.

Get Out ilitoka Marekani tarehe 24 Februari 2017, siku ambayo Daniel alikuwa anatimiza miaka 28. Ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5, kwa Hollywood hiyo ni hela ya chai. Iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani. Kijana mweusi anakwenda kutambulishwa ukweni kwa wazungu, wanamkaribisha kwa tabasamu pana, kumbe tabasamu ndiyo mtego. Daniel aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Tuzo ikaenda kwa Gary Oldman, naye mtoto wa London.

UBISHI NA SAMUEL L. JACKSON

Filamu ilipotoka, Samuel L. Jackson alisema kwenye redio kwamba anajiuliza ingekuwaje kama angechezwa na mweusi wa Marekani, anayeijua shida ile kwa kuzaliwa nayo. Maneno yakawa mengi. Daniel alijibu kwenye jarida la GQ. Alisema Jackson anamheshimu, amewafungulia njia wengi, lakini inamuuma kulazimika kuthibitisha kuwa yeye ni mweusi. Kwa ufupi, alisema kwamba akiwa kwenye chumba cha watu weusi anaambiwa sio mweusi vya kutosha, na akitoka nje anaambiwa ni mweusi kupita kiasi.

Wadau mlioko ughaibuni mtakubaliana nasi kwamba jambo hili linawapata wengi. Kule unaitwa Mwafrika, ukirudi Kampala au Dar unaitwa mzungu mweusi.

WAKANDA, HALAFU WATU WABAYA

Mwaka 2018 ikaja Black Panther, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Afrika Mashariki tulikuwa na watu wetu humo. Alikuwemo Lupita Nyong'o wa Kenya, ambaye tayari alikuwa na Oscar toka 2014. Alikuwemo Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani. Na alikuwemo Daniel kama W'Kabi, rafiki wa mfalme anayegeuka. Sehemu ya pili, ya mwaka 2022, hakucheza kwa sababu ratiba iligongana na Nope.

Mwaka huo huo wa 2018 alicheza Widows ya Steve McQueen. Humo ni muuaji asiye na huruma, anayezungumza taratibu, na ukimya wake unatisha kuliko bunduki. Mwaka 2019 ikafuata Queen & Slim, ya wawili waliotoka kula chakula cha jioni wakaishia kukimbia polisi Marekani nzima.

FRED HAMPTON NA ILE OSCAR

Kazi iliyompa tuzo kubwa ni Judas and the Black Messiah ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Shaka King. Alicheza Fred Hampton, mwenyekiti wa Black Panther jimbo la Illinois. Hapa sio Wakanda, ni kile chama cha kweli cha watu weusi wa Marekani cha miaka ya 1960. Hampton alikuwa mzungumzaji hatari, akigawa kifungua kinywa cha bure kwa watoto na kuunganisha watu weusi, Walatino na wazungu maskini. Aliuawa na polisi alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969, Chicago, akiwa kitandani kwake. Alikuwa na miaka 21. Aliyetoa ramani ya nyumba ni William O'Neal, mtu wake wa ulinzi, kumbe ni kibaraka wa FBI.

Daniel hakuingia kichwakichwa. Alikwenda kwanza kukaa na familia ya marehemu, akiwemo mwanae Fred Hampton Jr., wakazungumza kwa masaa. Alifanya pia mazoezi ya sauti na mwalimu wa kuimba opera, maana hotuba za Hampton ukizipiga kwa koo tupu utakauka siku ya kwanza.

Kuna tawi la historia hii linalofika Tanzania. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther mji wa Kansas City (hana uhusiano na yule kibaraka), alikimbia Marekani, akapita Sweden na Algeria, akaingia Tanzania mwaka 1972. Yeye na mkewe Charlotte wakaanzisha kituo cha jamii karibu na Arusha. Kwa hiyo chama alichokicheza Daniel kina historia mpaka kwenye ardhi yetu.

Tuzo zilipoanza kumiminika ilikuwa wakati wa korona. Kwenye Golden Globe, Februari 2021, Daniel alitangazwa mshindi akiwa kwenye video, akaanza kushukuru, kumbe sauti haisikiki! Watu walicheka, ikabidi arudie. Kila mtu aliyewahi kuzungumza na ndugu wa ng'ambo kwenye kompyuta ya kafe anaijua adha hiyo.

Oscar ilitolewa tarehe 25 Aprili 2021. Na ilitolewa wapi? Union Station, stesheni ya treni ya Los Angeles, ili watu wasibanane ukumbini. Watu wa Kilosa mna haki ya kutamba, stesheni sio mahali pa kushukia mizigo tu. Daniel akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kushinda kipengele cha mwigizaji msaidizi wa kiume. Akamshukuru mama yake, akamsifu Hampton, halafu akachomekea utani kwamba baba na mama walikutana wakafanya mambo, na ndiyo maana yeye yupo. Mama alikuwa anafuatilia toka London. Kamera ikamwonyesha, na uso wake ulisema kila kitu ambacho mama yeyote wa Kiafrika angesema pale!

BAADA YA OSCAR

Mwaka 2022 alirudi kwa Jordan Peele na Nope, akicheza mfuga farasi mkimya anayepambana na kitu cha ajabu angani. Mwaka 2023 aliingiza sauti ya Spider-Punk kwenye katuni ya Spider-Man: Across the Spider-Verse, kwa lafudhi ya mtaani kwao.

Mwaka huo huo aligeuka mwongozaji. Yeye na yule yule Kibwe Tavares wa Jonah waliongoza The Kitchen, iliyoonyeshwa tamasha la filamu la London Oktoba 2023 na kuingia Netflix Januari 2024. Daniel ni mmoja wa walioiandika, na wazo alilipata toka kwenye maongezi ya kinyozi. Ni London ya miaka ijayo ambapo nyumba zote za watu wa hali ya chini zimeondolewa, umebaki mtaa mmoja tu unaogoma kuhama. Mtoto wa nyumba za halmashauri amerudi kuzitetea. Na ule uandishi alioanza nao kwenye Skins ndio uliomfikisha hapo. Mwaka 2024 ikasimamishwa sanamu yake ya Get Out pale Leicester Square, London, mwendo mfupi tu toka alikokulia.

NA SISI JE?

Februari 2018, Daniel alipopokea tuzo ya BAFTA ya nyota anayechipukia, alisema maneno ambayo hayakupata kelele sana. Alisema yeye ni zao la fedha za umma zinazowekwa kwenye sanaa, akawashukuru wanaozitetea. Hakusema ni zao la bahati, wala la kipaji peke yake. Kipaji alikuwa nacho. Lakini kulikuwa na ukumbi uliopokea daftari la mtoto wa miaka 9, na kulikuwa na darasa ambalo mama yake angeweza kulimudu.

Sasa tujiulize. Mtoto wa miaka 9 wa Ruaha au Rudewa akiandika mchezo leo, atampelekea nani?

Tusiseme kwetu hakuna kitu. Mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa tamthilia za Kiswahili, Profesa Penina Muhando Mlama, amezaliwa Berega, wilaya hii hii ya Kilosa, mwaka 1948. Ndiye aliyeandika Hatia, Nguzo Mama na Lina Ubani. Na hakuishia vitabuni. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, kama Malya mkoani Mwanza miaka ya 1980, wananchi wakaigiza matatizo yao wenyewe na kujadiliana. Mwaka 1996 ukazaliwa mradi wa TUSEME, unaowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kusema yanayowasibu kwa njia ya maigizo, ukasambaa mpaka nchi nyingine za Afrika. Anayetaka kusoma rasmi, Bagamoyo kuna TaSUBa, ile iliyokuwa Chuo cha Sanaa toka 1981, na Mlimani kuna idara ya sanaa za ubunifu.

Kwa hiyo elimu ipo, na mfano wa nyumbani upo. Kinachokosekana ni ile hatua ya kwanza karibu na nyumbani. Bagamoyo unakwenda ukishamaliza shule na ukishapata nauli na ada. Kwa mtoto wa msingi hakuna. Na hatua hiyo haihitaji mabilioni. Inahitaji darasa linalobaki wazi Jumamosi, mwalimu mmoja anayependa, na watu wa kuja kuangalia. Kuigiza papo kwa papo hakuna gharama ya kamera wala taa. Wafanyabiashara wa Mikumi wanaochangia jezi za timu za mpira, kuchangia ukumbi wa maigizo siku moja kwa mwezi sio mzigo. Na halmashauri inapopanga bajeti ya vijana, sanaa isiwe ile ngoma ya kumpokea mgeni rasmi tu.

Kwa wanaotaka kuanza kumwangalia Daniel, ushauri wetu ni huu: anzeni na Jonah kwa sababu ni fupi na ni ya kwetu, halafu Get Out, halafu Judas and the Black Messiah. Ukimaliza hizo tatu utakuwa umemwona kijana, mtu mzima na bingwa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama kuna kikundi cha maigizo kinachofanya mazoezi Kilosa, Mikumi au Dumila, kitajeni hapa, na mseme siku na mahali, ili anayetafuta pa kuanzia ajue pa kwenda.